Mipiko Kumi na Nne ya Langilangi

Shule mimi niliifikisha nusu. Kidato cha pili, Unguja, nyumbani kwa shangazi yangu, halafu mimi na mwalimu wa hesabu tukakubaliana kila mtu ashike njia yake. Nikarudi Moroni kwa mama nikiwa na vitu viwili: Kiswahili, ambacho Moroni hakuna aliyekiomba, na mwandiko mzuri. Mwandiko ndio ulionipatia kazi. Wenzangu waliajiriwa kwa vyeti, mimi niliajiriwa kwa sababu herufi zangu zinasomeka.

Aliyeniajiri alikuwa mhandisi, mtu wa Itsandra, amesoma Ufaransa mpaka nywele zikamtoka. Alikuwa na karakana ndogo nyuma ya bandari ya zamani pale Moroni, na kazi yake ilikuwa utafiti. Siku ya kwanza nikamuuliza, "Utafiti ndio nini hasa?"

Akasema, "Unachukua kitu ambacho watu wote wanakijua, unakipima mpaka unakijua vizuri kuliko wao."

Nikaona hii kazi nzuri, maana kubishana na watu wanaojua nilikuwa nishaanza bila mshahara.

Kitu chenyewe kilikuwa langilangi. Ni lile ua la manjano, refu refu kama vidole vya mgonjwa, linalopikwa kwa mvuke likatoa mafuta ya kupeleka kwa watengeneza manukato. Kisiwani Ndzuani ndiko kwenyewe. Kila kilima kina mitambo yake: chungu kikubwa cha shaba juu ya moto, bomba linatoka juu ya chungu, linapita ndani ya pipa la maji, na upande wa pili mafuta yanadondoka tone tone. Mpiko mmoja unakula kuni za kujaza pikapu, na vilima vya Ndzuani vilikuwa vinanyolewa mwaka hadi mwaka. Mhandisi alitaka kupunguza kuni. Na maji. Hasa maji.

Hapo inabidi nieleze jambo. Kisiwani kwetu, Ngazidja, hatuna mto. Mvua ikinyesha, lile jiwe jeusi la volkano linainywa yote kama mtu anayefuturu, halibakishi tone. Maji yetu ni ya birika la kujengwa uani, yamekingwa kutoka kwenye paa. Mimi mpaka miaka kumi nilikulia nyumba ya namna hiyo, na nilichapwa kwa ajili ya maji kuliko nilivyochapwa kwa ajili ya uongo. Mama alikuwa akioga kwa kata tatu, na ya tatu alikuwa akiifikiria kwanza. Mhandisi naye ni mtoto wa birika hilo hilo. Basi tukakaa karakanani miezi mitatu tukatengeneza pipa la ajabu: maji yakipata moto upande huu yanakwenda kupoa upande ule, halafu yanarudi. Maji yale yale! Tulilijaribu kwa sufuria ya nyumbani, saa moja, likafanya kazi mpaka nikapiga vigelegele.

Wakati huo Ndzuani, tulikotakiwa kwenda kulijaribu kwenye mtambo wa kweli, ilikuwa imeshatangaza kujitenga. Redio ya Moroni inasema hivi, redio ya kule inasema vile, na mama ananiambia, "Huendi." Mhandisi akamjibu kwa adabu, "Mama, sisi tunakwenda kupima kuni. Nani atamkamata mtu anayepima kuni?" Tukapanda boti na pipa letu. Nilitapika kuanzia tulipoondoka mpaka tulipofika, na nilipokanyaga Mutsamudu nilikuwa mwepesi kuliko pipa.

Pale bandarini vijana wenye fimbo walikuwa wanakagua watu. Mmoja akasikia lafudhi ya Mhandisi, akamwambia, "Wewe ni Mngazidja. Umekuja kupeleleza nini?"

"Langilangi," akasema Mhandisi.

"Na hilo pipa?"

"La kuokoa maji."

Yule kijana akamtazama, akatazama juu mlimani ambako mto ulikuwa unamwagika mbele ya macho yetu sote, akawaita wenzake. "Njooni mumsikie huyu! Moroni wametuletea pipa la kuokoa maji!" Wakacheka mpaka wakasahau kutukagua. Nadhani ndio utafiti wa kwanza uliowahi kuvuka kizuizi kwa kuchekwa.

Tulifikia Mirontsy, hatua chache kutoka mjini, kwa mwanamke mmoja mjane aliyekubali mtambo wake ufanyiwe majaribio. Wote walimwita Koko, yaani bibi, na sisi tukamwita hivyo hivyo. Mtambo ulikuwa wa mama yake, kabla ya hapo wa bibi yake, na kesho utakuwa wa binti yake. Kule nyumba na vilivyomo ni vya wanawake, na mwanamume ni mtu anayekuja na begi lake. Koko alikuwa mfupi, nguo ya shiromani nyekundu begani, liwa la msandali usoni tangu asubuhi, na sauti ya kuvunja nazi.

Chini yake walikuwako wachumaji kama ishirini, wanawake wa vilimani. Wanachuma alfajiri, wanateremka na vikapu, na kabla jua halijapanda ua linatakiwa liwe ndani ya chungu. Langilangi halingoji. Likilala kikapuni mpaka mchana linageuka jeusi, na harufu yake inakuwa ya mtu aliyekukosea. Kwa hiyo mtambo unaozima katikati ya msimu umekufa. Wachumaji wanahamia kwa mwingine, wakishapewa nafasi huko hawarudi, na mtambo bila wachumaji ni sufuria kubwa tu.

Siku ya jaribio Koko alituachia chungu kizima kilichojaa maua. Mhandisi akawa anashughulikia moto na daftari. Mimi nikapewa kazi moja, moja tu, ya mtu wa nusu shule: nikiona maji ya pipa yamepata moto kupita kiasi, niyamwage, nijaze mengine ya mtoni. Ndoo ilikuwa pale. Mto ulikuwa pale, hatua kumi, unapiga kelele.

Basi maji yakapata moto. Nikashika ndoo. Na wallahi mkono ukakataa. Niyamwage? Maji masafi, pipa zima, chini? Nilimwona mama amesimama mlangoni na kandambili mkononi, na mama yuko Moroni. Nikatafuta kata. Nikamwaga kata moja, nikajaza kata moja. Nikangoja kidogo. Nikamwaga kata moja.

Kufika adhuhuri ungeweza kuchemsha mayai mle ndani. Mvuke haukupoa, ukapita bombani moja kwa moja ukatoka nje na mafuta yake. Sisi tuliokaa hapo pua zilikuwa zimeshazoea, hatukusikia kitu. Mirontsy nzima ilisikia. Ilikuwa Ijumaa, watu wanakwenda msikitini, na kila anayepita anauliza, "Harusi ya nani?" Wavuvi waliokuwa wanatengeneza nyavu wakanukia kama mabibi harusi. Mbuzi walinukia. Mzee mmoja alirudi nyumbani baada ya swala, mkewe akamnusa, akamfungia mlango.

Koko alikuja akitembea polepole, na hiyo ilikuwa dalili mbaya. Akachungulia chupa ya kupokelea mafuta. Kulikuwa na mafuta ya kupaka kidole.

"Mafuta yangu yako wapi?"

Mhandisi akanitazama. Nikaonyesha kata.

"Koko," nikasema, "nilikuwa nabadilisha maji."

"Kwa hicho?"

"Kwa hiki."

Aliitazama kata, akautazama mto, akanitazama mimi. Nilitegemea matusi. Badala yake akakaa chini juu ya gogo, akacheka mpaka liwa likapasuka mashavuni. "Wangazidja jamani! Mto unapita, yeye anauchotea kwa kijiko! Umepika mafuta yangu ukayatia kwenye pua za watu!" Halafu akaacha kucheka ghafla, akasema, "Hilo pipa lenu litoeni hapa." Jioni ile ile tukapasua mianzi, tukauelekeza mto upite ndani ya pipa lake la zamani mchana na usiku, bila kumwomba mtu ruhusa. Mhandisi alifuta miezi mitatu ya kazi kwa mstari mmoja wa kalamu. Mimi niliona haya kuyatazama maji yale yakienda bure baharini. Mpaka leo naona haya kidogo.

Tungeondoka wiki ile, lakini mambo yakaharibika. Simu zikakatwa. Boti za Moroni zikaacha kuja. Dizeli ikaadimika, na ilipoadimika dizeli, pikapu ya kuni ya Koko ikasimama barabarani mpaka kuku wakataga ndani yake. Kilichobaki kilikuwa rundo moja kando ya ukuta wa nyumba. Koko akalizunguka, akasema, "Hizi ni mipiko sita."

Msimu mkubwa ulikuwa haujaanza, na ulikuwa unataka kumi na nne.

Habari ikafika mjini kabla ya mchana. Kulikuwa na tajiri mmoja Mutsamudu mwenye vyungu vitatu vikubwa na ghala la kuni, akawatumia wachumaji wa Koko ujumbe: njooni kwangu mapema, nafasi zinajaa. Mkubwa wao, mwanamke mmoja mrefu mwenye ulimi mwepesi, akamwambia Koko waziwazi, mbele yetu, "Koko, sisi tunakupenda. Lakini ua halipendi mtu. Tuambie moto wako utafika au hautafika."

Koko akatugeukia. "Haya, wapimaji. Si ndiyo kazi yenu?"

Hapo ndipo nilipomwona Mhandisi akiwa mhandisi. Tuliubomoa mdomo wa jiko, ule wa zamani ambao ungeweza kupitisha ng'ombe, na moto wake nusu ulikuwa unapasha hewa ya Mirontsy. Tukaujenga upya mdogo, kwa mawe na udongo, tukalizungushia chungu ukuta mnene ili moto uzunguke kabla haujatoka, na nyuma tukaweka bomba la moshi. Siku tatu nikikanyaga udongo kama mchezaji ngoma. Vijana wale wa bandarini wakaja siku moja kuuliza mbona Wangazidja bado wapo. Koko akawaambia, "Hawa wangu. Mkiwafukuza, mtakanyaga udongo nyinyi." Wakautazama udongo, wakaondoka.

Halafu zikaja sheria. Mhandisi alisema kiwanda, hata kiwe na chungu kimoja, kinaendeshwa kwa utaratibu. Kuni zitoke rundoni kwa mpango, zipimwe kwenye mizani tuliyoazima kwa mnunuzi wa karafuu, ziandikwe, ndipo ziingie motoni. Mimi ndiye wa kubeba, kupima na kuandika. Rundo liko hatua arobaini kutoka kwenye jiko, kwa kupanda. Nilizihesabu hatua hizo mara ya kwanza, na mara ya pili nikaanza kufikiria. Mtu mvivu ana akili sana, tatizo haziajiriwi. Nikaona afadhali nihamishe kuni nyingi kwa mpigo mmoja, nizipange nyuma ya jiko, zikiegemea ule ukuta mpya, halafu nipime kutoka pale pale nikiwa nimekaa. Mhandisi yuko upande wa mbele na miwani yake, haoni nyuma.

Mpiko wa kwanza ukala kuni pungufu. Mhandisi akafurahi. Wa pili ukala pungufu zaidi. Wa tatu zaidi tena. Jiko ni lile lile, chungu ni kile kile, lakini kila mpiko mizani inashuka. Mhandisi akaacha kula. Aliandika kurasa na kurasa kueleza kwamba udongo unakomaa. Asubuhi ya mpiko wa nne akamwita Koko, akamwonyesha daftari kwa heshima zote: kwa hesabu hii, rundo si mipiko sita. Ni kumi na tano.

Koko akawaita wachumaji, akawaambia, "Kumi na tano. Msiende popote."

Yule mrefu akauliza, "Nani kasema?"

"Karatasi imesema."

Wakarudi vilimani wakiimba. Mimi sikuimba, maana asubuhi ile ile nilikuwa nimenyanyua gogo moja kutoka nyuma ya jiko na gogo jingine kutoka rundoni, yanalingana ukubwa, na la nyuma ya jiko lilikuwa jepesi kama mkate. La rundoni limenyeshewa wiki nzima. La nyuma limekaushwa na ukuta wa moto siku nne. Hata mtu aliyeachana na hesabu akaelewa. Sehemu ya kuni alizoziokoa Mhandisi haikuwa kuni. Yalikuwa maji yaliyokauka kabla sijapima.

Nilikaa na jambo hilo nusu siku. Nilijaribu kulisahau, nikala embe tatu. Lakini wale wanawake walikuwa wamekataa nafasi mjini kwa mwandiko wangu. Kumi na tano ile niliiandika mimi, kwa herufi nzuri kabisa. Moto ukizima kwenye mpiko wa tisa au wa kumi, watakuwa wamekosa kule na huku, na Koko atabaki na sufuria.

Nikamwendea Mhandisi, yuko na Koko wanakunywa chai.

"Mhandisi," nikasema, "udongo haukomai."

"Unasemaje?"

Nikawaeleza yote, hatua arobaini, uvivu, ukuta, magogo mawili. Nikayaleta na magogo yenyewe nikampakatisha, moja kila goti. Aliyapima kwa mikono muda mrefu. Uso ukambadilika rangi, halafu ukambadilika tena, na nilipodhani ananipiga nalo moja, akasema kwa sauti ya mtu anayesali, "Umezikausha. Kwa moto unaopotea. Miaka miwili nimeandika kwamba kuni zikaushwe, na sijui zikaushiwe wapi!"

"Hunifukuzi?"

"Nitakufukuza baadaye. Sasa niambie, rundo lina mipiko mingapi kweli? Daftari lote ni takataka."

Koko akaweka kikombe chini. "Mbona hamniulizi mimi?" Akatupeleka kwenye ukuta wa nyumba. Pale kwenye chokaa, juu ya rundo, kulikuwa na mistari ya mkaa. Kila mpiko unapoisha, yeye alikuwa anakwenda kuchora kimo cha rundo. Hakupima uzito hata siku moja. Alitazama tu kuni zimeshuka kiasi gani, na kuni, zikiwa mbichi au kavu, kimo chake ni kile kile. Mhandisi akapiga magoti mbele ya ukuta ule na rula yake, akatoa zile nilizohamishia nyuma, akapiga hesabu mara mbili.

"Ukuta unasema kumi," akasema.

Kumi. Si sita, alhamdulillahi. Lakini si kumi na nne.

Tulitazamana. Mhandisi akasema labda tusiseme kwanza, labda dizeli itakuja. Koko akamkatiza. "Mimi nimewaambia kumi na tano kwa mdomo wangu. Nitawaambia kumi kwa mdomo huu huu."

Kesho yake asubuhi, vikapu vilipokwisha kumwagwa, akapanda juu ya jiwe. "Sikilizeni. Karatasi ilikosea. Ilisema kumi na tano, ukuta unasema kumi. Imebaki minne ambayo sina kuni zake. Anayetaka kwenda mjini aende leo, nafasi bado zipo, na mimi sitamnunia."

 

Yule mrefu akauliza, "Aliyekosea nani?"

Nikainua mkono. Wote wakasema kwa pamoja, "Wa kata!" na hapo nikajua jina langu Mirontsy litabaki hilo.

"Mkosaji," akaniambia yule mrefu, "hizo kuni zako, zikikaa nyuma ya jiko, hata zikiwa mbichi zinakauka?"

"Siku nne, dada."

"Hata matawi? Hata makumbi ya nazi?"

"Hata mimi ningekauka."

Akawageukia wenzake. Wakaanza kusemezana kwa kasi ya Kindzuani chao ambacho, mimi Mngazidja wa Unguja, nilikuwa nakipata nusu. Nilichokipata ni kwamba kule juu wanakochuma kuna matawi yaliyokatwa msimu uliopita, hakuna anayeyataka kwa sababu ni mabichi na yana moshi. Na kwamba anayebeba kikapu cha maua kichwani ana nafasi ya mzigo mwingine mgongoni. Na kwamba yule tajiri wa mjini anawasimamisha juani kwenye foleni, na hajawahi kupanda juu ya jiwe akasema nimekosea.

Hakuna aliyekwenda mjini siku ile. Wawili walikwenda kesho yake, kusema kweli, na mmoja wao alirudi.

Basi kuanzia hapo kazi yangu ikawa kupokea kuni za migongoni. Nilizipanga nyuma ya jiko kwa safu, ya leo mwisho, ya siku nne mbele, na Mhandisi akaniandikia utaratibu ambao sikuufuata kwa sababu nilikuwa nishautunga mwenyewe. Rundo la ukutani likashuka mstari kwa mstari. Tulipomaliza mpiko wa kumi, pale chini palibaki magamba ya miti na jongoo mmoja.

Asubuhi ya mpiko wa kumi na moja nilikuwa na wasiwasi kama bwana harusi. Safu ya mbele ilikuwa kavu lakini ndogo. Wanawake wakateremka na vikapu na matawi yao, na wa mwisho kabisa alikuwa yule mrefu, maua kichwani, na mgongoni amefunga kiti. Kiti kizima, cha mbao, cha kuegemea.

Koko akauliza, "Hicho nini tena?"

"Cha mume wangu. Ameondoka na begi lake tangu mfungo wa Ramadhani, kiti amekiacha nyumbani kwangu. Kina kazi gani?"

"Mwanangu, akirudi je?"

"Atasimama."

Kicheko kilichopigwa hapo kiliwatoa watu majumbani. Mhandisi, na huyu ndiye mtu wa sayansi, akakitundika kiti kwenye mizani, akasubiri kitulie. Akaniambia niandike. Nikamuuliza kwenye safu ya aina ya kuni niandike nini. Yeye akakuna upara.

"Andika mume," akasema yule mrefu. "Kavu kabisa, hana haja ya kukaa nyuma ya jiko."

Nikaandika. Koko akavunja miguu ya kiti kwa kisigino, akaisukuma ndani ya ule mdomo mdogo wa jiko, akapuliza. Ukashika mara moja. Wanawake walikaa wote pale chini, hakuna aliyeondoka, mpaka bomba likaanza kutoa jasho na tone la kwanza likadondoka chupani.